Nati nzito

Nati nzito ni nati ya pembesita iliyo pana na nene kuliko nati ya kawaida ya kipenyo kilekile. Hutumika pamoja na bolti za nguvu kubwa katika majengo ya feleji, madaraja, mitambo ya viwandani na mabomba yenye shinikizo kubwa. Haichaguliwi kwa kipenyo pekee. Daraja lake la nguvu, upakaji wa zinki na joto la mahali pa kazi navyo huamua kama kiungo kitadumu.

Kazi ya nati katika kiungo

Nati inapokazwa, bolti huvutwa na kurefuka kidogo sana, kama springi ngumu. Kwa kuwa bolti hutaka kurudi katika urefu wake, hubana vipande vilivyo katikati. Kani hiyo ya kubana ndiyo inayoshika kiungo, nayo yote hupita katika nyuzi za nati (huitwa pia hesi). Nyuzi hazibebi mzigo sawasawa: uzi wa kwanza, ulio upande wa sehemu inayobanwa, hubeba zaidi kuliko nyingine.

Kiungo kikizidiwa wakati wa kukazwa, bolti inaweza kukatika, au nyuzi zinaweza kuchunika. Bolti iliyokatika huonekana mara moja na hubadilishwa. Nyuzi zilizoanza kuchunika hazionekani: nati hubaki mahali pake kama nzima, huku kani ya kubana imepungua. Kwa sababu hiyo, viwango vingi hutaka nati iwe imara kiasi kwamba bolti ikatike kwanza.

Umbo na vipimo

Katika vipimo vya Marekani, nati ya kawaida ya inchi 3/4 ina upana wa inchi 1 1/8 kati ya pande mbili zinazotazamana, na nati nzito ina inchi 1 1/4. Katika vipimo vya metriki, nati ya kawaida ya M20 hushikwa kwa spana ya milimita 30. Nati ya M20 ya miundo ya feleji huko Ulaya huhitaji spana ya milimita 32.

Upana huo una faida mbili. Kwanza, mzigo husambaa juu ya eneo kubwa zaidi la washa. Pili, ukuta wa nati huwa mnene. Kwa kuwa nyuzi zina mteremko, bolti inapovutwa husukuma ukuta huo kwenda nje. Nati nyembamba hutanuka, nyuzi huachana kidogo, na kuchunika huwa rahisi.

Kulinganisha nati na bolti

Katika kiwango cha ISO 898, namba ya kwanza ya daraja la bolti ikizidishwa kwa 100 hutoa nguvu yake ya kukatika kwa N/mm². Namba ya nati isiwe chini ya namba hiyo. Bolti ya M20 ina eneo la kubeba mzigo la milimita za mraba 245. Kwa hiyo bolti ya daraja 8.8 hukatika kwenye takriban kN 196, na ya 10.9 kwenye takriban kN 245. Nati ya daraja 8 haifai kwa bolti ya 10.9, ingawa huingia bila shida.

Bolti | Nati inayofaa
8.8 | 8 au zaidi
10.9 | 10 au zaidi
ASTM A325 isiyo na zinki | nati nzito za A563 za daraja C, D au DH
ASTM A490 | nati nzito za A563 za daraja DH
ASTM A193 B7 (mabomba na joto kubwa) | A194 2H

Alama ya daraja hugongwa juu ya nati. Huko Ulaya kuna pia mifumo miwili ya bolti za kukazwa kwa kani kubwa, HR na HV. Nati ya HV ni fupi zaidi, na mfumo wake umebuniwa kwa namna tofauti. Hivyo sehemu za mifumo hiyo hazichanganywi.

Zinki na kutu

Bolti iliyochovywa katika zinki iliyoyeyuka huongezeka unene. Ili nati iingie, tundu lake hukatwa kubwa kidogo, na nyuzi hushikana kwa kina kidogo zaidi. Upungufu huo hufidiwa kwa nati yenye nguvu zaidi: A325 yenye zinki hutumia DH. Bolti za A490 hazichovywi katika zinki hiyo, kwa hofu ya haidrojeni kuzifanya zikatike ghafla.

Kukaza

Sehemu kubwa ya nguvu ya spana humezwa na msuguano. Kwa bolti ya M20 ya daraja 8.8, kani ya kubana inayolengwa ni takriban kN 137. Nati yenye kilainisho, ambayo kizio chake cha kukaza (K) ni 0.12, huhitaji takriban nyutoni-mita 330. Nati ikiwa kavu au yenye kutu na kizio kikafika 0.20, nguvu ileile ya spana hutoa takriban kN 82 tu. Spana ya kupimia haitambui tofauti hiyo. Ndiyo maana nati za miundo hutunzwa katika vifungashio vyake hadi siku ya kazi, na kilainisho chake hakifutwi.

Baada ya kukaza, ncha ya bolti isibaki ndani ya nati, kwani nyuzi zote za nati zinatakiwa kubeba mzigo. Bolti za A490, na za A325 zenye zinki, zikishakazwa kikamilifu na kufunguliwa hazitumiki tena.