Nanighi, Dizeli na Programu ya Kuchora Nyumba

Ukishuka na Mto Tana kutoka Garissa kuelekea Bura utapita Nanighi. Ramani nyingine huandika Nanigi. Abiria wa basi hana sababu ya kulikumbuka jina hilo. Lakini ukitaka kuelewa jinsi ofisi ndogo ya wasanifu majengo inavyoweza kunyongwa na programu ya kompyuta, sijui mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

Mwaka 1977 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya pesa za mradi wa umwagiliaji wa Bura. Mpango ulikuwa mkubwa: hekta 6,700 za pamba na mahindi, na familia zaidi ya 5,000 kuhamishiwa huko kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Kwenye karatasi, maji yangekuja yenyewe. Ukuta ungejengwa mtoni pale Nanighi, maji yainuke, yaingie mferejini, yateremke hadi mashambani. Bila mafuta, bila injini. Kisha gharama zikapanda. Ukuta ukaahirishwa, na badala yake zikafungwa pampu za dizeli, ati kwa muda tu.

Siku ya kwanza pampu ni rahisi kuliko ukuta, hilo halina ubishi. Shida huanza siku ya pili. Pampu inataka dizeli kila siku, inataka spea zitoke mbali, inataka fundi anayeijua. Ikisimama, mfereji unakauka, na pamba haijui habari za bajeti iliyochelewa Nairobi. Mradi haukufika hata nusu ya mpango: kama hekta 2,500 na familia 2,000 na kidogo. Wengi wakavunjika moyo, wengine wakaondoka. Miaka mingi baadaye serikali ilirudi kwenye wazo lile la mwanzo, mfereji wa maji yanayoteremka yenyewe, safari hii ukianzia juu zaidi ya Nanighi.

Hadithi hii husimuliwa kama habari ya kilimo. Mimi naisoma kama habari ya mkataba. Kuna kitu unakilipia mara moja, kwa uchungu, halafu kinabaki chako. Na kuna kitu unakilipia kidogo kidogo, na siku ukikosa, kinazimwa.

Mwaka huu swali hilo limetua mezani kwa binamu yangu. Ana ofisi ya watu watatu mjini Garissa: yeye, ambaye ni msanifu aliyesajiliwa, na vijana wawili wa kuchora. Wamezoea nyumba za watu na madarasa. Sasa wamepata nafasi ya kushirikiana na kampuni ya Nairobi kwenye zahanati moja upande wa Nanighi, na Nairobi wanataka kila kitu kije kwa Revit. Binamu alinipigia. "Wewe mwandishi una wakati wa kusoma. Soma hii maneno ya programu, uniambie nisaini au nisisaini."

Basi nikasoma.

Kwa zaidi ya miaka mia moja zana za msanifu zilikuwa zake. Ubao wa kuchorea, rula ya T, kalamu za wino, karatasi nyembamba ya kufuatishia, na wembe wa kukwangua wino ukikosea. Nakala za rangi ya buluu zilitokana na kemia ya John Herschel ya mwaka 1842. Ukishanunua ubao, umenunua. Hakuna mtu angekuja ofisini tarehe 1 Januari kuubeba kwa sababu hujalipia mwaka mpya.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi pale MIT nchini Marekani, alionyesha Sketchpad, programu iliyomruhusu mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. Lakini kompyuta hiyo ilikuwa kubwa kama chumba. Kilichobadilisha ofisi za kawaida ni AutoCAD, iliyotoka Desemba 1982, ikauzwa kama dola 1,000 na kukimbia kwenye kompyuta ndogo za mezani. Ilikuwa ubao wa kuchorea ndani ya kioo: mistari ileile, ila sasa inafutika bila wembe.

Wakati huohuo kule Budapest, Hungaria ikiwa bado ya kikomunisti, Gábor Bojár na wenzake wa Graphisoft walikuwa wanafikiria tofauti. Programu yao, ambayo leo inaitwa Archicad, ilitoka mwaka 1984 kwenye kompyuta ya Apple Lisa. Wao hawakutaka uchore mistari miwili uiite ukuta. Walitaka ukuta wenyewe, wenye unene, kimo na dirisha ndani yake. Ukilisogeza dirisha kwenye ramani, linasogea pia kwenye picha ya mbele ya nyumba. Revit ikaja mwaka 2000 na wazo la jamii hiyo. Miaka miwili baadaye Autodesk, wenye AutoCAD, wakainunua kwa dola milioni 133.

Hadi hapo ulikuwa unanunua leseni na inakaa kwako. Mwaka 2016 Autodesk waliacha kuuza leseni mpya za kudumu. Tangu hapo unalipia muda, kama vile unavyonunua bando. Na hapo ndipo Nanighi ilipoanza kunijia kichwani.

Hesabu yenyewe si ya kuficha. Bei ya Marekani ya Revit kamili ni zaidi ya dola 2,500 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kwa shilingi zetu hiyo inapita 320,000. Mara watu watatu, unakaribia milioni moja kila mwaka, uwe na kazi au usiwe nayo. Ofisi ya Garissa hulipwa na mteja anayejenga msingi leo, kisha anangoja auze mifugo ndipo apandishe ukuta. Mapato yanakuja kama mafuriko na kuondoka kama kiangazi. Malipo ya programu hayajui msimu.

Kama unadhani ni kilio cha maskini tu, Julai 2020 kundi la kampuni kubwa za usanifu za Uingereza, ikiwemo Zaha Hadid Architects, ziliandikia Autodesk barua ya wazi. Zililalamika kwamba gharama za Revit zinapanda huku programu yenyewe haiboreki kwa kiwango hicho. Hizo ni ofisi zenye mamia ya wafanyakazi. Kama tembo analia njaa, digidigi wa Garissa afanyeje?

Najua unachowaza: si apige krak tu? Vijana wengi tulijifunza hivyo, tusidanganyane. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ipo, na binamu anatia sahihi na jina lake chini ya bodi inayosajili wasanifu. Kwake yeye krak si ujanja wa mtaani, ni kuweka kazi yake yote rehani. Tena haimalizi tatizo. Faili ya Revit ikihifadhiwa kwa toleo jipya haifunguki kwenye toleo la zamani. Nairobi wakipanda toleo, wewe na krak yako ya mwaka juzi mmebaki mkitazamana.

Hili la faili ndilo linalonigusa mimi binafsi. Chuoni nilikuwa na leseni ya mwanafunzi. Ni ya bure, ya mwaka mmoja, unaihuisha mradi bado uko chuoni. Karo iliponishinda mwaka wa tatu nikaondoka, na leseni ikaisha. Michoro yangu bado ninayo, miaka miwili na nusu ya kukesha. Naweza kuiangalia. Kuigusa, kusogeza hata mlango mmoja kwa hiyo programu, siwezi. Ni kama kuonyeshwa nyumba yako kupitia dirishani.

Bura ina somo la pili, na linachoma. Miaka ya 1980 ulipandwa huko mti wa kigeni ili watu wa mradi wapate kuni. Ulistahimili ukame, ukaota haraka, kila mtu akafurahi. Ndio mathenge huu unaofunga njia na malisho ya Tana River leo. Kuupanda kulikuwa kazi ya msimu mmoja, kuung'oa ni kazi ya vizazi. Aina ya faili inafanana na mathenge. Ukishajaza kabati lako kwa faili zinazosomeka na programu moja tu, miaka kumi baadaye huwezi kuhama, hata mwenye programu apandishe bei vipi.

Dawa ipo, ingawa si tamu sana. Kuna IFC, aina ya faili isiyo ya kampuni yoyote, iliyotambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 16739, mwaka 2013. Revit inaitoa, Archicad inaitoa. Kuna FreeCAD, iliyoanza mwaka 2002, ya bure kabisa na isiyohitaji ruhusa ya mtu, iliyofika toleo la 1.0 Novemba 2024. Nimeitumia. Ina mikunjo yake, na kijana aliyezoea Revit atalaani wiki mbili za kwanza. Na faili ikipita kwenye IFC huwa inapoteza vitu njiani: mlango unafika, lakini ukitaka kuubadilisha unakuta umekuwa jiwe. Anayekwambia vya bure havina gharama hajawahi kuvitumia kazini.

Nilimwandikia binamu ushauri wa ukurasa mmoja. Chukua leseni moja tu ya Revit, si tatu, kwa muda wa kazi ya zahanati, na gharama yake iingie kwenye ada ya kazi hiyo waziwazi. Vijana wawili wachore nyumba za kawaida kwa programu za bure. Na kila kazi ikikamilika, kabla ya pesa ya mwisho kuingia, ihifadhiwe mara tatu: IFC, DXF na PDF. Hiyo PDF ndiyo fundi atakayoisoma kwenye simu pale saiti, maana fundi hajawahi kuuliza mchoro umetoka programu gani.

Akauliza kwa nini namsumbua na nakala tatu. Nikamkumbusha mafuriko ya 2024, jinsi Tana ulivyofunika barabara na nyumba. Zahanati kando ya mto huo itakarabatiwa, itaongezwa chumba, labda itainuliwa sakafu. Siku hiyo mtu atakuja kuomba michoro. Huenda binamu atakuwa amestaafu, na Revit inaitwa jina lingine. Mgonjwa wa Nanighi hapaswi kungoja eti kwa sababu leseni ya mtu fulani Garissa iliisha.

Alisaini leseni moja, ya miezi michache. Juzi ameniambia yule kijana mdogo ameshachora madarasa mawili kwa FreeCAD, na kwamba bado analaani, lakini siku hizi analaani kwa sauti ya chini.