Tiba ya umeme kwa sonona: si adhabu, si miujiza

SONONA si uvivu wala upungufu wa imani. Ni maradhi yanayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na, yakikithiri, hamu ya kuishi. Wengi hupata nafuu kwa dawa na ushauri nasaha, lakini wapo ambao dawa moja baada ya nyingine hushindwa kufua dafu. Hao ndio hasa wanaolengwa na tiba za kuchochea ubongo.

Kongwe zaidi ni ile ya kuzusha kifafa cha muda mfupi kwa umeme, iliyoanzishwa mjini Roma, Italia, mwaka wa 1938 na madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini. Enzi hizo haikutanguliwa na dawa ya usingizi, na baadhi ya wagonjwa walivunjika mifupa. Hofu hiyo ingali inaiandama.

Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi na kulegezwa misuli kwanza. Kifafa chenyewe kwa kawaida hakizidi dakika moja, na vikao huwa 6 hadi 12, mara mbili au tatu kwa wiki.

Licha ya sifa yake mbaya, hakuna tiba inayoishinda kwa sonona kali, hasa mgonjwa anapokataa kula au anapotaka kujitoa uhai. Gharama yake ni kumbukumbu: wengi husahau matukio ya kipindi cha matibabu, na wengine hupoteza hata ya nyuma zaidi.

Njia ya pili hutumia sumaku. Mwaka wa 1985, Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, walionyesha kuwa koili ya waya juu ya kichwa huweza kuuamsha ubongo bila upasuaji. Marekani iliidhinisha mtambo wa aina hiyo kutibu sonona mwaka wa 2008. Mgonjwa huketi akiwa macho, aghalabu siku tano kwa wiki kwa wiki nne hadi sita. Kichwa huweza kumuuma. Kifafa ni nadra. Aliye na chuma kichwani huenda asifae.

Ya tatu ni kupandikiza elektrodi ndani ya ubongo. Mwaka wa 2005, Helen Mayberg na wenzake mjini Toronto, Canada, waliripoti nafuu kwa wagonjwa wanne kati ya sita. Hata hivyo, majaribio makubwa yaliyofuata hayakuonyesha tofauti ya wazi kati ya waliowashiwa umeme na ambao hawakuwashiwa.

Aidha, hakuna kati ya tiba hizi inayong'oa ugonjwa mzizi. Sonona huweza kurudi, hivyo dawa au vikao vya kudumisha nafuu huhitajika hata baada ya mgonjwa kutabasamu tena.