Mchujo wa Kutno: Njia ya Watoto wa Afrika kwenda Fainali za Dunia za Besiboli

Fainali za dunia za besiboli ya watoto, chini ya shirika la Little League, hufanyika mwezi Agosti mjini South Williamsport, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Timu ya Afrika haifiki huko ila kwa kushinda kwanza mchujo wa kanda, ambao umekuwa ukichezewa Kutno, Poland. Uganda ndiyo nchi pekee ya Kiafrika iliyowahi kuushinda. Imeushinda mara tatu, lakini imefika fainali mara mbili tu.

Little League ilianzishwa mwaka 1939 na Carl Stotz, mkazi wa Williamsport. Fainali za kwanza zilichezwa mwaka 1947, na kwa muda zilikuwa za timu za Marekani pekee. Ulaya ilipata mwakilishi wake wa kwanza mwaka 1960, nayo ni timu ya Berlin. Kwa miaka mingi nafasi hiyo ilichukuliwa mara nyingi na watoto wa wanajeshi wa Marekani waliokuwa Ujerumani, au wa Wamarekani waliofanya kazi katika mafuta huko Dhahran, Saudi Arabia.

Mwaka 2001 idadi ya timu katika fainali iliongezwa kutoka 8 hadi 16. Kanda ya Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika ikapewa nafasi moja, huku timu za raia wa kigeni waishio katika nchi hizo zikitengewa mchujo wao. Mwaka 2008 mpango huo ulibadilishwa: Ulaya ikabaki peke yake, nazo Mashariki ya Kati na Afrika zikawa kanda moja.

Mabadiliko hayo ndiyo yaliyoifungulia Uganda mlango. Mwaka 2011 timu ya Rev. John Foundation ya Kampala iliishinda Saudi Arabia mjini Kutno na kupata tiketi ya Marekani. Hata hivyo, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliwanyima viza kwa sababu ya dosari katika nyaraka za umri na kuzaliwa kwa baadhi ya wachezaji. Saudi Arabia, iliyokuwa imeshindwa uwanjani, ndiyo iliyokwenda badala yao.

Wapinzani wao wa kwanza wangekuwa watoto wa Langley, British Columbia, Canada. Baada ya michango kukusanywa, timu hiyo ilisafiri hadi Uganda Januari 2012 ili mechi iliyokosekana ichezwe. Uganda ilishinda 2-1.

Miezi michache baadaye, timu ya Lugazi ilishinda mchujo wa mwaka 2012, ikapata viza, na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali hizo. Ilifungwa na Panama 9-3 na Mexico 12-0, kisha ikaishinda Gresham ya Oregon 3-2 katika mechi ya timu zilizokwisha kutolewa.

Mwaka 2013 kanda zilipangwa upya. Mashariki ya Kati iliunganishwa na Asia na Pasifiki, na Afrika ikawekwa pamoja na Ulaya. Tangu hapo timu za Afrika hugombea nafasi moja na nchi kama Italia, Hispania na Jamhuri ya Czech. Ni Uganda tu iliyowahi kulivuka kizingiti hicho, mwaka 2015, kupitia timu ya shule ya AVRS. Katika fainali za mwaka huo iliifunga Jamhuri ya Dominika, moja ya ngome za besiboli duniani, 4-1.

Kanuni za umri ndizo uti wa mgongo wa mashindano haya, kwa kuwa mtoto wa miaka 14 huweza kurusha mpira kwa kasi ambayo wa miaka 12 hawezi kuihimili. Kwa hiyo uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa ni jambo la haki kwa pande zote. Lakini pale ambapo vizazi haviandikishwi kwa wakati, mtoto asiye na hatia huweza kuadhibiwa kwa kosa la watu wazima.

Somo hilo halihusu Uganda pekee. Mtoto wa Chala, katika Kaunti ya Taita Taveta, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, naye angepaswa kupita njia hiyo hiyo: awe bingwa wa taifa, ashinde mchujo wa kanda, kisha aombe viza. Kipaji kinaweza kumfikisha hatua mbili za mwanzo. Ya tatu huanza na cheti cha kuzaliwa, ambacho mzazi hukitafuta miaka mingi kabla mtoto hajashika gongo.