Superman: kuzaa na kulea

Wazee husema: Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo yatufaa sana tukitaka kufahamu historia ya Superman, yule shujaa wa vitabu vya picha vya Marekani, ambaye vijana wa nchi nyingi wamtambua kwa nguo yake ya buluu na joho lake jekundu. Wengi hufikiri kwamba alitokea siku moja, mzima, mwenye uwezo wote tunaomjua nao. Sivyo. Vijana wawili walimzaa. Kisha gazeti, radio, sinema na televizio vilimlea, kila kimoja kwa namna yake. Tutazame kwanza uzazi, halafu malezi, na mwisho tuulize: wazazi walipata nini?

Waliomzaa ni Jerry Siegel na Joe Shuster, wote wawili wazaliwa wa mwaka 1914, watoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya. Walijuana shuleni, katika mji wa Cleveland. Siegel alitunga, Shuster alichora. Mwaka 1933 walitoa hadithi ya kwanza katika kigazeti walichokitengeneza wenyewe. Na humo mwenye jina hilo alikuwa mtu mbaya, mwenye kutawala akili za wenzake. Baadaye waligeuza wazo lao: wakamfanya mtoto aliyetumwa kutoka nyota iliyoangamia, akakua kati ya watu, akatumia nguvu zake kwa kuwasaidia wanyonge. Walizungusha karatasi zao miaka kadhaa, wakikataliwa huku na huku. Mwishowe, mwezi wa tatu 1938, kompani moja ya New York iliwalipa dolari 130 kwa kurasa 13. Wakatia sahihi. Kwa sahihi ile waliuza hadithi, na pamoja na hadithi haki yote juu ya shujaa wao. Kitabu kilichomtoa kwanza, Action Comics namba 1, kilikuwa cha mwezi wa sita mwaka ule, bei yake senti 10.

Shujaa wa siku zile hakuwa sawasawa na wa leo. Hakuruka angani kama ndege. Alichupa tu, kama panzi, ijapokuwa mchupo wake ulipita majumba marefu. Wala adui zake hawakuwa majitu kutoka nyota za mbali. Marekani ilikuwa bado katika shida kubwa ya mali iliyoanza mwaka 1929. Basi Superman alipigana na mume apigaye mkewe, na mkubwa wa serikali mla rushwa, na tajiri wa machimbo asiyejali maisha ya wafanyakazi wake.

Mwezi wa kwanza 1939 aliingia katika magazeti ya kila siku, na tarehe 12 mwezi wa pili 1940 akaingia katika radio. Hapo palikuwa na tatizo. Mchoraji aweza kuonyesha mtu akivua koti na kubaki na nguo ya shujaa. Radio haina macho, itafanyaje? Mchezaji Bud Collyer alilitatua kwa koo lake: alisema kwa sauti nyembamba alipokuwa Clark Kent, mwandishi wa gazeti mwenye haya, kisha katikati ya maneno alishusha sauti ikawa nzito, na kila msikilizaji akajua kwamba shujaa amefika. Tena, katika radio mtu hawezi kukaa kimya. Alihitaji watu wa kusema nao. Ndivyo kijana Jimmy Olsen na Perry White, mkubwa wa gazeti, walivyopata majina yao kwa radio. Mwaka 1943 radio ilileta hata kryptonite, lile jiwe la nyota yake linalomlegeza. Vitabu vyenyewe vililipokea mwaka 1949 tu. Kumbe mtoto alirudi nyumbani na elimu aliyoipata kwa walezi.

Sinema nayo ilitia mkono wake. Toka 1941 hata 1943 zilitolewa filimu fupi 17 za michoro, zilizoanzishwa na ndugu Fleischer. Kwa hizo na kwa radio watu walimzoea kuwa mwenye kuruka kweli, si panzi tena. Mwaka 1948 mtu wa nyama na damu, Kirk Alyn, alimwigiza katika filimu ya sehemu 15. Lakini kila mara alipopaswa kuruka, mchoro ulishika nafasi yake. George Reeves alimfuata mwaka 1951, akaendelea katika televizio toka 1952 hata 1958, michezo 104.

Kati ya malezi hayo yote, moja lastahili sifa ya pekee. Mwaka 1946, vita kuu ikiisha kupita, radio ilitoa hadithi ya vipindi 16, ambamo Superman anaitetea jamaa moja yenye asili ya China dhidi ya chama cha siri chenye kuchukia watu kwa sababu ya rangi na asili. Kila Mmarekani aliyesikia alifahamu ni chama gani kilichosemwa. Hapo mlezi alimrudisha mtoto katika kazi aliyozaliwa nayo: kupigana na uovu ulio karibu.

Na wazazi? Walipata mshahara kwa kazi yao, nao haukuwa mdogo. Lakini faida kubwa ilikwenda kwa wengine. Mwaka 1947 walipeleka neno lao katika tribunali. Mwaka 1948 walipatana na kompani kwa karibu dolari 94,000, wakapoteza kazi, na majina yao yakafutwa katika vitabu. Siegel aliishia kuwa karani. Shuster macho yake yalififia. Ilipofika 1975, filimu kubwa ikitengenezwa, Siegel aliwaandikia wenye magazeti, na watu wakaona haya. Ndipo wakapewa dolari 20,000 kila mmoja kwa mwaka, na majina yao yakarudishwa. Shuster alikufa 1992, Siegel 1996.

Basi, wasomaji wapenzi, methali yasema kweli: kulea ni kazi, na bila walezi wengi Superman angalibaki panzi. Lakini haikusema kamwe kwamba mlezi amfukuze mzazi. Aandikaye historia ya kazi yoyote ya watu na aanze kwa kuuliza mikono ya kwanza ilikuwa ya nani, na kama ililipwa.