Chipu ya nguvu: yahamishika kutoka komputa ya gari moja hadi nyingine?

Swali hili hunijia mara kwa mara, na mara nyingi muulizaji huwa ashanunua. Amepata sanduku la komputa lililotolewa kwenye BMW iliyogongwa, ndani yake mna chipu ya nguvu, na ataka kuing'oa aitie kwenye komputa ya gari lake. Jibu langu ni kwamba yawezekana, na kazi yenyewe haifiki saa moja. Kinachohitaji muda, na ndicho watu hukiruka, ni kujua kama chipu hiyo yafaa injini yako au iliandikwa kwa injini ya yule aliyekutangulia.

Nitatumia mfano wa BMW 325i ya umbo la E30, zile za mwishoni mwa miaka ya 1980, ambazo wengine wetu tumerithi kwa wazee. Komputa yake ni Motronic 1.3 ya Bosch, sanduku la bati lenye kiunganishi cha nyaya cha pini 55. Ndani mna chipu ya aina ya 27C256, yenye miguu 28, iliyopachikwa kwenye soketi. Uwezo wake ni kilobaiti 32 tu, ambazo hazitoshi hata picha moja ya simu yako. Humo ndimo zilimo jedwali za injini: mizunguko upande mmoja, mzigo upande wa pili, na kila kijumba kina tarakimu inayoamua nozeli ifunguke kwa muda gani, au cheche irushwe mapema kiasi gani.

Chipu ya nguvu ni jedwali zizo hizo, zimeandikwa upya. Cheche hutangulizwa, petroli huongezwa kidogo unapokanyaga hadi mwisho, na kikomo cha mizunguko hupandishwa. Hewa inayoingia kwenye injini haiongezeki. Kwa injini isiyo na tabo, mtu akikuahidi farasi 40 kwa chipu peke yake, huyo akuuzia maneno.

Kabla ya kufungua chochote, soma lebo ya masanduku yote mawili. Nambari za Bosch za ukoo huu huanza na 0 261 200, na tarakimu tatu za mwisho ndizo za kulinganisha. Kwa 325i hii mara nyingi utakuta 153 au 173. Sanduku la 320i lafanana kwa sura, lakini injini ile ni ya sisi 1,990 na hii ni ya sisi 2,494. Nozeli si zile, na kipimo cha hewa si kile. Chipu ikihamishwa baina ya hizo mbili, gari huenda likawaka, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Mchanganyiko ukiwa mzito utaona moshi mweusi na plagi zilizoshika masizi. Ukiwa mwepesi hutaona kitu, ila pistoni zapata joto zisilolistahimili.

Hata nambari zikilingana, uliza gari lile lilikuwa limefungwa nini. Kama mwenyewe alibadilisha kemshafti, au alitia nozeli kubwa zaidi, basi chipu iliandikwa kufuata vitu hivyo. Wewe umechukua chipu, vitu vimebaki kule. Muuzaji asipoweza kukujibu, mimi singeitia kwenye gari langu.

Kisha petroli. Chipu nyingi za Ulaya ziliandikwa kwa petroli ya oktani 95 au 98. Za Marekani huandikwa 91 au 93, lakini wao hupima kwa njia nyingine, na 91 yao ni karibu na 95 kwa kipimo chetu. Jambo hili ni zito kwa 325i kuliko magari ya sasa, kwa kuwa injini yake haina sensa ya kusikiliza mgongo wa injini, yaani ule mlio wa kugonga. Gari la kisasa likisikia linagonga, komputa hurudisha cheche nyuma. Hili halisikii. Litaendelea kufuata jedwali vilevile ukipanda Mazeras na abiria wanne katika joto la Februari. Mlio wenyewe ni kama kokoto ndani ya kopo. Ukiusikia ondoa mguu, na siku hiyohiyo rudisha chipu ya zamani.

Kazi ya mikono sasa. Toa waya hasi wa betri. Gusa bati tupu la gari ili umeme tuli ukutoke mwilini. Toa sanduku, nyanyua vile vikucha vya bati vinavyoshika kifuniko, polepole maana hukatika. Kabla ya kung'oa, piga picha. Upande mmoja wa chipu una pengo dogo mfano wa nusu mwezi, nalo lazima lielekee pengo la soketi. Ukiigeuza na kuwasha, umeme waingia mahali pa ardhi na chipu yaungua papo hapo. Inyanyue kidogo upande huu, kidogo upande ule, kwa bisibisi nyembamba au koleo lake maalum. Unapoitia nyingine, chungulia kwa tochi: mguu mmoja uliojikunja chini ya chipu watosha kuzuia injini kuwaka.

Kwetu Pwani kuna la ziada. Chumvi na unyevu huacha kutu ya kijani kwenye miguu ya chipu na ndani ya soketi. Safisha kwa spirei ya viunganishi vya umeme, uache ikauke. Nyingine ni jua. Chipu nyingi za aina hii zina kidirisha cha kioo juu, kilichofunikwa kwa stika, na mwanga ukiingia hufuta kilichoandikwa. Juma moja la jua kali latosha. Kwa hiyo stika isibanduliwe, na chipu iliyokaa wazi mezani kwa muuzaji isomwe kwanza kwenye kifaa cha kusomea. Ikionyesha FF tupu, imefutika.

Haya yote hayahusu gari lililoshuka Kilindini mwaka huu. Sheria yetu hairuhusu gari kuukuu lililopita miaka minane, na magari ya umri huo hayana chipu ya kuchomoa. Programu yake iko kwenye kumbukumbu iliyolehemiwa, huandikwa kwa laptopu, na komputa imefungamanishwa na ufunguo. Ukihamisha sanduku zima, gari halitawaka mpaka vioanishwe. Na vile vidude vyenye taa za kumetameta vinavyochomekwa chini ya usukani, ukivifungua wakuta taa na si zaidi.

Chipu ya zamani usiitupe wala usiiuze pamoja na sanduku. Ifunge kwa karatasi ya foili, uandike nambari ya gari juu yake, na nakala ya kilichomo uiweke kwenye kompyuta.