Ushirikiano wa Kiraia na Kijeshi

Vita vinapotulia, mara nyingi jeshi ndilo lenye malori, helikopta na wahandisi, na daraja lililovunjika haliwezi kungoja wizara ipate fedha. Wanajeshi hulazimika kukaa meza moja na halmashauri, waganga, mashirika ya misaada na wazee wa mji. NATO huuita utaratibu huo CIMIC, kifupi cha Kiingereza cha civil-military cooperation. Kwa Kiswahili napendekeza "ushirikiano wa kiraia na kijeshi".

Nasema kiraia, si raia. Ukisema "ushirikiano wa raia na jeshi", msikilizaji anaweza kuelewa kwamba wanakijiji wanalipelekea jeshi habari za waasi. Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, Kiswahili ni lugha ya sokoni, na huko kushukiwa hivyo kunaweza kumwondolea mtu uhai. "Kiraia" huelekeza mawazo kwenye taasisi na kazi zake.

Wanaosimamia misaada ya kibinadamu katika Umoja wa Mataifa hupendelea neno jingine, uratibu. Katika ushirikiano, asasi ya kiraia huvutwa kwenye lengo la operesheni ya jeshi. Katika uratibu kila upande hubaki na lengo lake. Hupashana habari, ili msafara wa chakula usiingie katikati ya mapigano.

Afghanistan mpaka kati ya mambo hayo mawili ulivurugwa. Kuanzia mwishoni mwa 2002 Marekani na washirika wake waliunda timu za ujenzi mpya za mikoa, ambamo askari walisimamia shule na visima huku vita vikiendelea. Mwaka 2004 majeshi yao yalisambaza vipeperushi kusini mwa nchi, yakiwataka watu watoe habari za Taliban na al-Qaeda ili misaada iendelee. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipinga vikali. Juni 2 mwaka huohuo wafanyakazi wake watano waliuawa Badghis, na msemaji wa Taliban akadai walitumikia maslahi ya Marekani. Shirika hilo likaondoka nchini baada ya takriban miaka 24. Walioumia zaidi ni wagonjwa, ambao hawakuwa na usemi katika lolote.

Kwa hiyo askari wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Kongo, anapokarabati zahanati, huo ni ushirikiano. Muuguzi anapomjulisha kamanda barabara atakayopita, huo ni uratibu. Mkalimani wa Butembo aambiwe mapema ni lipi linalozungumzwa, kwa sababu wazee watamuuliza kama majina yao yanaandikwa.