Mnara Uliokomewa Mlango

Katika mji wa Washington umesimama mnara wa mawe meupe wenye urefu wa mita 169, uliojengwa kumkumbuka George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Mnara huo haulishi mtu wala hautibu mgonjwa. Hata hivyo jina lake limeingia katika msamiati wa siasa za nchi hiyo, na aliyeliingiza ni George Hartzog, aliyekuwa mkurugenzi wa idara ya hifadhi za taifa tangu 1964.

Idara hiyo ilipopunguziwa watumishi kwa sheria ya kubana matumizi, Hartzog hakuanza na mambo ya pembeni ambayo hakuna angeyatambua. Mwaka 1969 alifunga hifadhi siku mbili kila wiki, mnara ule na korongo la Grand Canyon yakiwemo. Wageni waliotoka mbali wakakuta milango imekomewa. Malalamiko yakawamiminikia wabunge, na fedha zikarejeshwa. Tangu hapo, idara yoyote inayokatiwa fungu ikaanza kukata kile ambacho umma unakipenda zaidi, huambiwa kuwa imeshikwa na ugonjwa wa Mnara wa Washington.

Shutuma hiyo si ya bure. Hila ya Hartzog ilikuwa hila kweli, ingawa yalikuwamo maarifa ndani yake: alijua kwamba pengo la jino la mbele huonekana mtu anapocheka, na la gego halijui ila mwenyewe anapotafuna. Ila wanaoitoa shutuma hiyo husahau kwamba gego nalo huuma.

Agosti 2011, baada ya mvutano mkali juu ya kikomo cha deni la taifa, Rais Barack Obama na Bunge walipitisha sheria iliyobeba kitanzi ndani yake. Iwapo vyama viwili vingeshindwa kuafikiana namna ya kupunguza nakisi, makato yangeshuka yenyewe, nusu yake juu ya jeshi na nusu juu ya huduma nyingine. Kitanzi kilifumwa kiwe kichungu kwa wote, ili asiwepo wa kuthubutu kukiacha kikaze. Kilikaza. Tarehe 1 Machi 2013 yakaanza makato ya takriban dola bilioni 85 kwa mwaka ule wa fedha, tena bila kubagua, kati ya miradi iliyoguswa, iliyo bora na iliyo hafifu.

Kelele za kwanza zilihusu matembezi. Kuanzia tarehe 9 Machi, wananchi walizuiwa kuzuru Ikulu ya White House. Wabunge wa Republican walihamaki, wakadai kwamba rais anawaadhibu watoto wa shule ili apate hoja. Upande wa rais ukajibu kwamba walinzi hawana fedha. Mabishano hayo yalijaza magazeti kwa siku nyingi, nayo yalihusu dola 74,000 kwa wiki.

Kisha zikaja ndege. Tarehe 21 Aprili waongoza ndege walianza kupewa likizo bila malipo kwa zamu, na safari zikachelewa katika viwanja vikubwa. Bunge lile lile lililoshindwa kuafikiana kwa zaidi ya mwaka likapata umoja ndani ya siku tano. Seneti ilipitisha sheria ya kuhamisha fedha usiku wa tarehe 25. Baraza la Wawakilishi likafuata kesho yake kwa kura 361 dhidi ya 41, kisha wabunge wakaenda mapumzikoni. Wengi wao, bila shaka, kwa ndege.

Watoto wa Head Start hawakuwa na uwanja wa ndege. Mpango huo, ulioanzishwa mwaka 1965, huwapa watoto wa kimaskini elimu ya awali, chakula na uchunguzi wa afya. Kwa makadirio ya serikali yenyewe, makato ya 2013 yaliondoa nafasi za watoto wapatao 57,000. Katika miji ya Columbus na Franklin, jimboni Indiana, wasimamizi walilazimika kuwapunguza watoto 36 mwezi huo huo wa Machi, na kwa kuwa hawakuona njia ya haki zaidi ya kuchagua nani atoke, walipiga kura ya bahati nasibu.

Fungu la Head Start lilirejeshwa katika bajeti ya Januari 2014. Wengi wa waliokuwa na miaka minne siku ya kura ile walikuwa wamekwisha kupita umri wa shule hiyo.